Maua ya Mvua ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuyaona Porini, Lindi na Mtwara

Kila Januari napokea picha zinazofanana. Marafiki watano au sita wamesimama kwenye nyasi zinazowafika kiunoni, jasho linawatiririka, na chini ya picha maneno haya: "Tumezunguka toka asubuhi, hayo maua yako hatujayaona hata moja." Wengine hunitumia picha ya mkrismasi uliojaa maua mekundu kando ya barabara, wakiuliza kama ndiyo yenyewe.

Macho wanayo. Walichokosea ni siku. Maua haya hayajui likizo wala sikukuu, yanajua mvua tu. Mengi hutangulia nyasi, na baadhi hutangulia hata majani yake yenyewe. Kitunguu au kiazi kilicholala ardhini kiangazi kizima kina akiba iliyobaki tangu masika yaliyopita, kwa hiyo kikipata unyevu kinaweza kusukuma ua bila kusubiri jani. Ua likitoka wakati huo, wadudu wanaliona kwa kuwa pori bado ni peupe, na mbegu zinapata msimu mzima wa kuota. Wiki chache baadaye nyasi zimefunika kila kitu.

Hili tulijifunza kwa kukosa. Mwaka wetu wa kwanza tulikwea uwanda wa Rondo, Lindi, katikati ya Januari, watu tisa, tukashuka jioni bila kitu. Njiani tulikutana na mama mmoja anatoka kupalilia. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mmechelewa wanangu. Hayo ni ya mvua ya kupandia. Mahindi yakishafika magotini, hayo yameshapita." Tangu siku hiyo nahesabu siku kama wakulima wanavyohesabu, na sijarudi mikono mitupu tena.

## Andaa hivi kwanza

Usiende dukani kununua vitu vya gharama. Vinavyohitajika vingi viko nyumbani.

- Kopo lenye kuta zilizonyooka, mfano kopo la maziwa ya unga au la rangi, la kupimia mvua. Ndoo haifai kwa sababu mdomo wake ni mpana kuliko kitako, na kipimo kitakudanganya.
- Daftari dogo na penseli. Wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka karatasi ikilowa, penseli haina shida hiyo.
- Rula.
- Fimbo yenye urefu wa mita moja na nusu hivi kwa kila mtu. Ni ya kupapasia majani mbele yako. Si ya kufyekea.
- Viatu vilivyofunika mguu mzima, soksi ndefu na suruali nzito. Anayevaa gauni au khanga avae suruali ndani.
- Maji, lita mbili kwa kila mtu. Novemba ya huku ina joto zito, na uwanda wa Makonde hauna vijito vya kukuokoa.
- Simu yenye chaji, na kitu kisichopitisha maji cha kuihifadhi.
- Filimbi moja, khanga mbili na bandeji pana. Sababu zake utaziona mbele.
- Chakula kisichohitaji moto. Mihogo ya kuchemsha, korosho za kukaanga na maembe vinatosha kabisa, na msimu wake ndio huo.

Usibebe jembe, panga wala kisu cha kuchimbia. Mwenzako akija nalo, liache nyumbani kwa mwenyeji wenu.

## Hatua ya 1: Ipime mvua, ndipo uanze kuhesabu

Mikoa yetu miwili ina msimu mmoja wa mvua. Kwa kawaida huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, hupumzika kidogo Februari, kisha huendelea hadi Aprili au Mei. Lakini kabla ya mvua yenyewe huja manyunyu ya kutania: dakika kumi, vumbi linanukia, watu wanafurahi, kesho jua kali kama jana. Hayo hayaamshi kitu. Wasomaji wengi huanza kuhesabu hapo, wanakwenda mapema, wanakuta majivu, wanakata tamaa.

Weka kopo lako mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Asubuhi baada ya mvua chovya rula. Ukikuta milimita 25 au zaidi, chimba kwa kijiti kishimo cha kina cha kiganja kwenye udongo ambao haujalimwa. Kama chini bado ni pakavu, ngoja. Kama pamelowa hadi chini, andika tarehe. Hiyo ndiyo Siku ya Kwanza.

Kwa hesabu za kundi letu, mambo huenda hivi. Siku nne za mwanzo hakuna la kuona, isipokuwa ardhi inayopasukapasuka kidogo. Kuanzia siku ya sita hivi vichomozi vinaonekana. Kati ya siku ya nane na ya kumi na sita ndipo penye utajiri, hasa chini ya miti na kwenye sehemu zilizoungua Oktoba. Baada ya hapo hadi mwezi mmoja hufuata maua marefu ya kwenye nyasi fupi na mabondeni. Mvua ikipiga mara moja halafu ikakata, usifute hesabu. Vilivyokwisha kuamka hutoka, ila vichache.

Dalili kwamba umepatia: wakulima wa jirani wamepanda. Kama jembe limelala, na wewe lala.

Tahadhari: kama unaishi Mtwara mjini na unataka kwenda Rondo au Masasi, usitumie mvua ya kwenu. Mvua inaweza kunyesha Mikindani ikaacha Ndanda pakavu. Mpigie mtu wa huko umuulize kitu kimoja tu: "Mmeshapanda?"

## Hatua ya 2: Chagua sehemu ndogo

Kosa la pili kwa wingi ni kutaka kuona Lindi nzima kwa siku moja. Chagua eneo la kilomita moja, basi. Ubora wa mahali hautokani na umaarufu wake. Tazama udongo na kivuli.

*Kingo za msitu na vichaka.* Hapa ndipo pa kwanza. Rondo, uwanda unaopanda hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, una msitu wa hifadhi na kingo nyingi. Msitu wa Litipo jirani na Rutamba nao ni mzuri. Kwa upande wa Mtwara, vichaka vya uwanda wa Makonde na mteremko wa Newala, pale Shimo la Mungu, vinafaa sana.

*Vichuguu.* Usipite kichuguu chenye miti bila kukizunguka chote. Udongo wake ni tofauti na wa jirani, kivuli kipo, na mara nyingi moto hauli juu yake. Nimekuta kichuguu kimoja kina matufe mekundu kumi na moja, na hatua hamsini pande zote hakuna hata moja.

*Mabonde ya udongo mweusi yanayotuama maji.* Hapa subiri wiki ya tatu.

*Mchanga wa pwani.* Msimbati au Mikindani, kwa anayeanza au mwenye watoto wadogo.

Mahali pa kuacha ni katikati ya mikorosho inayotunzwa. Kivuli chake ni kizito na chini hupaliliwa pakawa peupe. Zaidi ya hayo huo ni wakati watu wanaokota korosho. Kundi la wageni linalozunguka chini ya mikorosho ya mtu mwezi Novemba linatafuta ugomvi.

## Hatua ya 3: Piga hodi

Pori halikosi mwenyewe. Fika kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, salimieni wote, semeni mmekuja kuangalia maua na hamtachimba wala kukata. Misitu ya hifadhi kama Rondo na Litipo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Fuateni kibali ofisini kwao siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari.

Ombeni pia mwenyeji wa kuwaongoza, na mlipeni. Ushauri wangu ni kumtafuta mama au bibi anayechimba ming'oko, yaani viazi pori vinavyoliwa. Wachimba ming'oko wanasoma ardhi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wanajua kila mmea unaotambaa hutokea wapi, upi unaliwa na upi unaua. Muulize jina analoliita yeye, kwa Kimakonde, Kimwera au Kimakua, na uliandike kama alivyolitamka.

Kuna vichaka ambavyo ni makaburi ya zamani au mahali pa matambiko. Vina maua mengi kwa sababu havijakatwa miaka mingi. Mkiambiwa msiingie, msiingie. Tazameni kutoka ukingoni.

Kama mnaelekea Liwale au popote palipopakana na mapori ya wanyama, ulizeni habari za tembo kabla ya yote. Jibu likiwa "walipita juzi", badilisheni mahali.

## Hatua ya 4: Wahi asubuhi

Muwe mmeshaanza kutembea saa 12:30 asubuhi. Maua mengi laini hulegea jua likikaza, na kwa picha, mwanga wa saa 5 unaunguza rangi nyekundu ikawa doa tupu. Ikifika saa 4:30 kaeni kivulini mle.

Yapo pia ya jioni. Nitayafikia.

## Hatua ya 5: Tembeeni kwa safu, polepole mno

Watu wanne hadi sita ndio idadi nzuri. Wakizidi, inakuwa msafara wa harusi.

Jipangeni bega kwa bega, mwachane hatua tatu hadi nne, nanyi muende mbele pamoja. Kila mmoja anatazama kipande cha ardhi cha mbele yake tu. Mkitembea kwa mstari mmoja nyuma ya mwenzenu, watu sita wanatazama njia ile ile moja na mtu wa kwanza ndiye anayeona. Kwa safu, mnapitia ukanda wa mita kumi na tano kwa mara moja.

Mwendo uwe kilomita moja kwa saa. Ndiyo, kilomita moja. Kila hatua ishirini simameni, mchutame, mtazame mkiwa chini. Kichomozi cha kidole kimoja hakionekani ukiwa umesimama, lakini ukichutama kinasimama mbele ya anga. Aliyeona anyanyue fimbo, wengine wabaki walipo hadi ahakikishe hakuna kingine miguuni pao. Nimeona ua zuri likikanyagwa na rafiki aliyekimbilia kuona ua zuri.

Tahadhari za hatua hii. Mvua ya kwanza huamsha na vingine. Nyoka, kifutu hasa, hulala palepale kwenye majani makavu unapotaka kuweka mkono, kwa hiyo fimbo itangulie kila mara. Akiuma mtu: mlazeni, mvueni pete na bangili, fungeni kiungo kwa bandeji au khanga na fimbo kisicheze, mpelekeni hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Siafu wanatembea msimu huu, chomeka suruali ndani ya soksi. Upupu wa kiangazi bado unaning'inia vichakani, ukiona maganda yenye manyoya ya kahawia zunguka mbali. Na wingu likianza kunguruma, ondokeni juu ya vilima na msijikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake. Filimbi ni ya kumwita aliyepotea: mara tatu, kimya, mara tatu.

Dalili kwamba mnapatia: saa nzima imepita na bado mnauona mti mlioanzia.

## Hatua ya 6: Jua unachokitafuta

Sitawapa orodha ndefu. Yajueni haya vizuri, mengine yatakuja yenyewe.

Tufe jekundu (*Scadoxus multiflorus*). Hili ndilo ninalowatakia muanze nalo. Linachomoza likiwa kama brashi ya kupakia rangi iliyofungwa, juu ya kikonyo kinene chenye madoa mekundu yaliyoiva karibu na ardhi. Siku chache baadaye linafunguka kuwa tufe, linaweza kufikia upana wa sahani ndogo. Sogea. Utaona si ua moja: ni maua madogo kwa makumi, wakati mwingine hadi 200, kila moja na petali sita nyembamba kama uzi na nyuzi sita zenye vichwa vya unga wa njano. Gusa kimoja kwa upole, unga unabaki kidoleni. Majani huwa hayajatoka, au ndiyo kwanza yanaanza. Kitunguu chake ni sumu, basi asiwepo wa kukijaribu.

Tangawizi pori (*Siphonochilus kirkii*). Wengi huipita wakidhani ni karatasi ya rangi iliyotupwa. Ua ni zambarau lenye kuelekea waridi, laini kama kitambaa chepesi kilicholowa, na katikati lina doa la njano. Kikonyo cha maua hutoka ardhini peke yake, kando ya shina la majani, na mara nyingi hulitangulia. Ukichelewa utakuta limejikunja. Kesho yake kikonyo kile kile kinaweza kufungua jingine.

Ua la mkunjo wa nyuma (*Gloriosa superba*). Huja baadaye kidogo, likipanda vichakani. Ncha ya kila jani imejisokota kama ndoano, ndiyo mkono wake wa kushikia. Petali sita zenye mawimbi, nyekundu na njano, zimekunjwa nyuma kama zinapigwa na upepo. Hapa nasema kwa mkazo: kiazi chake kina sumu kali iitwayo kolichisini, na inaua. Huku kwetu, ambako mizizi na viazi pori ni chakula, mtu anaweza kukichanganya na kinacholiwa. Watoto waambieni waziwazi. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja hata kama anajisikia mzima, kwa sababu dalili huchukua saa kadhaa kuanza.

Okidi ya mchanga (*Eulophia speciosa*). Kikonyo kirefu kilichonyooka, kinaweza kukaribia mita moja, chenye maua ya njano yaliyopangika kutoka chini kwenda juu. Itafute kwenye nyasi fupi za udongo wa kichanga. Hii ndiyo inayonitia uchungu, maana watu wanaing'oa kwenda kuipanda kwenye makopo barazani, nayo hunyauka na kufa.

Mpingo. Kila mtu huku anaujua kwa kinyago, wachache wameutazama ukiwa na maua. Ni meupe, madogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, yametungana kwenye matawi yenye miiba. Pua itakuambia kabla ya macho: harufu tamu, na nyuki juu yake.

Mbuyu, jioni. Kama kuna mtu kwenye kundi anayesema maua hayampendezi, mleteni hapa. Mibuyu huchanua kuelekea mvua na mwanzoni mwake, na Mikindani haina haja ya kupanda mlima. Fikeni saa 12 jioni, chagueni tumba lililonenepa linaloning'inia chini kwa kikonyo kirefu, mnyamaze. Jua linapozama ganda la nje linapasuka na kujikunja, petali tano nyeupe zinafunguka mbele yenu, na katikati unatoka mpira wa nyuzi. Harufu yake ni nzito, si ya marashi, kwa kuwa anayeitwa ni popo. Kesho ua limeanguka chini, limekuwa kahawia.

### Vinavyowadanganya watu

Miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Kutoka barabarani kilima kizima kinaonekana kimechanua. Ni majani. Na mkrismasi asili yake ni Madagaska, umepandwa. Ni mzuri, lakini si wa porini.

## Hatua ya 7: Picha nne, mistari mitatu

Picha moja ya ua kwa karibu haitoshi kuutambulisha mmea kwa mtu yeyote. Piga nne: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani au mahali lilipotoka ardhini, na mmea wote ukiwa na rula au kiganja pembeni. Zikiingizwa kwenye programu kama iNaturalist zitakupa jina la kuanzia. Lihakikishe kwa mwenyeji au kwa mtu anayejua mimea.

Daftarini andika: siku ya ngapi tangu mvua, udongo na kivuli, jina alilolitaja mwenyeji.

Okidi na tangawizi pori, usizitangaze mahali zilipo. Zima huduma ya mahali (GPS) kwenye simu kabla ya kupiga, na kwenye programu ficha mahali. Picha inayoonyesha njia huleta jembe wiki inayofuata.

Msichume. Mnayetaka kumwonyesha, mleteni.

## Hatua ya 8: Weka mafiga, urudi

Kila mlipopata ua zuri pangeni mawe madogo matatu kuzunguka, kama mafiga, mbali kidogo na shina. Kitambaa kwenye tawi kinaonekana na kila mpita njia, mawe mnayajua nyie.

Rudini baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi. Kwenye tufe jekundu mtakuta majani mapana yamesimama pale palipokuwa na ua tupu, na mengine yameshika vitunda ambavyo baadaye huiva vikawa vyekundu. Hapo ndipo mtakapoujua mmea wenyewe, hata usipokuwa na ua, na hiyo ndiyo tofauti ya mtu aliyeona picha na mtu anayelijua pori.

Mwakani, asubuhi mtakayokuta kopo lina milimita 25, hesabuni siku nane, kisha mwende moja kwa moja kwenye mafiga yenu. Kitunguu kitakuwa palepale.